Pamba imebaki Ligi Kuu, mzuka wa Kirumba utalipa mishahara?

SIKU Pamba Jiji inapocheza Kirumba, jukwaani wanakaa watu wa rika mbili. Wapo wazee ambao mpira ukitoka tu nje wanaanza kumtaja Khalfan Ngassa, Nteze John na George Masatu. Pembeni yao wapo vijana ambao 2001, timu iliposhuka daraja, walikuwa bado hawajazaliwa. Wote wanaimba TP Lindanda, na dogo wa miaka 19 anaimba kwa nguvu kuliko mzee aliyeiona timu yenyewe.

Mzuka huo siyo wa kubeza. Miaka 23 nje ya Ligi Kuu ni mingi, na klabu nyingi zikikaa huko muda huo zinabaki jina tu. Pamba ilirudi Aprili 2024 baada ya kuichapa Mbuni mabao 3-1 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikapanda pamoja na KenGold ya Chunya. Msimu mmoja tu, KenGold imeshuka. Pamba imebaki.

Imebaki kwa jasho, tena jingi. Kocha Goran Kopunovic aliondoka Oktoba, timu ikiwa haijaonja ushindi hata mmoja wa ligi. Akaja Fred Felix Minziro, mtu anayezijua timu za kuunga unga, akaikusanya. Katika kipindi kile kigumu, mashabiki wa Mwanza walinung'unika, wakatukana kidogo (ndiyo mpira wetu), ila wiki iliyofuata walikuwa tena getini. Hapo walistahili pongezi.

Tatizo ni kwamba Mwanza imeshawahi kuwa na mzuka wa namna hii. Toto Africans ilikuwa nao, ikashuka 2017. Mbao ilikuwa nao zaidi, 2017 ikafika hadi fainali ya Kombe la FA na kuikamia Simba mpaka ikafungwa 2-1 kwa tabu. Miaka mitatu baadaye Mbao na Alliance zikashuka kwa mpigo, na jiji lote la pili kwa ukubwa nchini likakaa misimu minne bila timu Ligi Kuu. Mashabiki walikuwa walewale. Hawakuhama mji.

Kwa hiyo kelele peke yake haijawahi kuokoa timu hapa, na ukitaka kujua sababu angalia Kirumba siku Simba au Yanga ikija. Uwanja unafurika, lakini hesabu jezi. Wengi waliovaa kijani cha Pamba wiki iliyopita, siku hiyo wako na nyekundu au njano. Wakija Prisons katikati ya wiki, saa 10 jioni, watu wengi bado wako kazini na majukwaa yanapumua. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji, lakini yakishatolewa makato, ikiwemo ya uwanja ambao ni mali ya CCM, mechi ya aina hiyo haiwezi kulipa hata nauli ya safari ya Mbeya kiulaini.

Pengo hilo linazibwa na Halmashauri ya Jiji. Kiukweli bila Jiji, Pamba ingekuwa bado inahangaika huko chini, na hata jina limebadilika kwa sababu hiyo. Ila bajeti ya halmashauri ina foleni: madarasa, barabara, zahanati, halafu mpira. Kiongozi anayeupenda mpira akihamishwa, hakuna anayejua anayekuja anapenda nini.

Mfano mzuri ni Mbeya City. Nayo ilizaliwa na halmashauri, ikapanda 2013, msimu wa kwanza tu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mbeya nzima ilivaa zambarau, mashabiki wakaifuata timu mikoani kwa mabasi. Hata hivyo, 2023 ikashuka.

Pamba ina kitu ambacho Mbeya City haikuwa nacho: kumbukumbu ya zaidi ya kizazi kimoja. Mzee wa Kawekamo anayemwambia mjukuu wake habari za Ngassa, baba yake Mrisho, anaweza pia kulipia kadi ya uanachama kila mwaka, kama kadi hiyo itampa kura na siyo picha tu ya ukutani. Dereva wa bodaboda atanunua jezi halisi ikiuzwa Makoroboi kwa bei anayoimudu, kabla ya feki kumfikia. Hizo ni kazi za ofisi ya klabu, na zinatakiwa kuanza sasa hivi, wakati watu bado wana furaha ya kubaki.

Msimu wa 2025/26 Mbeya City nayo ilirudi, pamoja na Mtibwa Sugar. Siku zambarau inapotua Kirumba hakuna Simba wala Yanga uwanjani. Tiketi zinazouzwa siku hiyo ni za Pamba tupu.