Jiko la presha la umeme tulinunue kwa ajili ya maharage



Kwa muda sasa yametufikia maswali mengi kutoka katika jumuiya kuhusu yale majiko ya presha yanayotumia umeme, ambayo wengi wetu huyaita presha kuka. Akina mama wanauliza kama ni salama. Akina baba wanauliza kama hayatamaliza umeme wa LUKU. Vijana waliofunga ndoa karibuni wanauliza wanunue la ukubwa gani. Lakini liko swali moja ambalo hatujaulizwa hata mara moja, nalo ndilo sisi wa ukurasa huu tunaliona kubwa kuliko hayo yote: tukishalinunua, tutapika nini ndani yake?

Tunauliza hivyo kwa sababu tumeona jinsi linavyotumika. Katika nyumba nyingi jiko hili hukaa kabatini limefunikwa kitambaa cha kufuma, likisubiri Krismasi au siku ya kipaimara ili lipike pilau. Siku nyingine zote za mwaka maharage huchemka juu ya mkaa kwa saa mbili au tatu. Mkaa ukipanda bei, hayapikwi kabisa, na watoto hula ugali kwa mchicha leo, ugali kwa kabichi kesho, na keshokutwa wanarudi kwenye mchicha. Maoni yetu ni kwamba anayelinunua jiko hili kwa ajili ya pilau ametupa fedha zake. Pilau hupikika vizuri kabisa katika sufuria ya kawaida. Jiko la presha ni la vyakula vigumu: maharage, kunde, mbaazi, njugu mawe, makande, utumbo, kuku wa kienyeji na nyama ya mfupa.

Jambo hili si la mapishi tu. Utafiti wa afya ya jamii uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na maharage na viazi vimejaa huko. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kudumaa kunaletwa na njaa peke yake. Zipo sababu nyingi, zikiwemo magonjwa ya kuhara na mama kukosa nafasi ya kumlisha mtoto mara nyingi kwa siku, lakini mlo wa aina moja kila siku ni mojawapo ya zile kubwa. Gunia la maharage linaweza kuwapo stoo na mtoto asiyale, kwa kuwa kuyaivisha ni kazi ya nusu siku.

Hapo ndipo jiko la presha lina maana. Watu wa nyanda za juu wanajua vizuri kwamba maharage kwao huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Sababu yake ni hii: kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Njombe, iliyo kwenye mita karibu 2,000, huchemka kwenye nyuzi kama 93 tu, na kuongeza mkaa hakusaidii kitu. Ndani ya jiko lililofungwa vizuri mvuke hauna pa kutokea, hivyo joto hupanda hadi nyuzi 110 na zaidi. Si uchawi, wala si jambo jipya: Mfaransa mmoja, Denis Papin, alitengeneza chungu cha namna hiyo mwaka 1679. Kilichoongezwa siku hizi ni umeme, na kifaa kinachopima joto na kukata umeme chenyewe.

Sasa tuseme juu ya kununua. Tukianza na ukubwa, familia ya watu wanne hadi sita inatosheka na jiko la lita 5 au 6. Nyumba yenye watu wengi itafute la lita 8. Kumbukeni kwamba jiko halijazwi hadi juu. Chakula na maji yake visipite theluthi mbili, na kwa maharage, ambayo huvimba na kutoa povu, visipite nusu. Kwa hiyo lita 6 zilizoandikwa kwenye boksi ni lita 3 za maharage.

Sufuria ya ndani huwa ya aina mbili. Ipo iliyopakwa rangi nyeusi isiyogandisha chakula, na ipo ya chuma cheupe kisichoshika kutu. Wauzaji husifu ile nyeusi. Sisi tunapendelea nyeupe, kwa sababu tunawajua wanaoosha vyombo katika nyumba zetu na ule waya wao wa kusugulia masufuria. Nyeusi haitamaliza mwaka.

Wala tusidanganywe na wingi wa vitufe. Lipo jiko lenye kitufe cha keki, cha mtindi, cha samaki na cha supu, lakini ukichunguza utaona vingi kati ya hivyo vinafanya kazi ile ile, isipokuwa dakika zinatofautiana. Kinachohitajika ni uwezo wa kuweka dakika unazotaka mwenyewe, na mfuniko usiofunguka mvuke ukiwa bado ndani. Angalieni pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango, yaani TBS, na plagi nene ya miguu mitatu. Jiko la namna hii huvuta wati karibu 1,000, kwa hiyo lichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Waya wa kuunganishia uliokwisha kubeba friji na pasi si mahali pake.

Na wale wenye ndugu Marekani wasikilize hapa. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni volti 230. Jiko lililonunuliwa kule kwa matumizi ya kule, likichomekwa hapa, litaungua siku hiyo hiyo. Shangazi akitaka kuleta zawadi, mwambieni asome kwanza maandishi ya chini ya jiko, au atume fedha mlinunue hapa hapa.

Kuhusu LUKU, hofu ya akina baba inaeleweka lakini si ya kweli. Jiko hili halili umeme muda wote. Likishapanda joto hukata, na kwa kuwa limefunikwa pande zote joto halipotei. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa kwa kawaida haimalizi hata nusu yuniti. Kwa mteja wa kawaida, ambaye kwa shilingi 1,000 hupata yuniti kama 2.8, hiyo ni chini ya shilingi 200. Asiyetuamini asome mita yake kabla ya kupika na baada ya kupika. Linganisheni na mkaa unaoishia chini ya sufuria moja ya maharage.

Ni kweli kwamba jiko lenyewe ni ghali. Bei yake huzidi laki moja, na si kila familia ina fedha hiyo kwa mkupuo. Lakini tumeona nyumba zenye televisheni kubwa ukutani huku mama akipuliza kuni nyuma ya nyumba na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Katika nyumba kama hiyo, tatizo si ukosefu wa fedha bali ni nani anayeamua inunue nini. Vikundi vya kuweka na kukopa vingeweza kuwanunulia wanachama mmoja mmoja kwa zamu, kama vilivyofanya zamani kwa mabati.

Hatusemi kwamba jiko hili litafukuza mkaa wote. Ugali hausongwi ndani yake, na chapati hazichomwi ndani yake. Umeme nao hukatika. Mgawo wa mwaka 2023 hatujausahau. (Umeme ukikatika katikati ya kupika, msifungue. Joto lililobaki huendelea kuivisha kwa muda mzuri.) Lakini ugali ni kazi ya nusu saa. Kinachomaliza mkaa na mgongo wa mama ni vile vya saa tatu.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yawekwe mapya. Kuloweka hupunguza gesi tumboni na kulisaidia tumbo kunyonya madini. Yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 25 baada ya jiko kupata presha. Nyanda za juu mwongeze dakika chache. Choroko humaliza robo saa. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa huhitaji kama saa nzima, ambayo bado ni nafuu kubwa. Ndizi ni dakika saba au nane. Nyama ngumu na kuku wa kienyeji, dakika 30 hadi 40.

Tunashauri hivi: Jumamosi ipikwe kilo moja ya maharage bila chumvi wala kiungo, kwa mikupuo miwili jiko likiwa dogo, kisha igawanywe. Sehemu iungwe kwa nazi au karanga na kuliwa siku hiyo. Sehemu ipondwe na ndizi, kama Wachaga wanavyofanya kiburu. Nyingine iliwe Jumatatu na viazi vitamu, na vikiwa vile vya rangi ya chungwa, ambavyo watu wa kilimo huviita viazi lishe, ni vizuri zaidi kwa sababu vina vitamini A. Asiye na friji apike nusu kilo mara mbili kwa wiki. Maharage yaliyopoa yasilale ndani ya jiko hadi asubuhi, maana huchacha na kuumiza tumbo.

Wiki inayofuata si lazima yawe maharage tena. Kunde, mbaazi, dengu na choroko zipo sokoni. Watu wa Dodoma na Singida wana njugu mawe, ambazo vijana wao wameziacha kwa kuwa zinachelewa kuiva; sasa sababu hiyo haipo. Watu wa Kigoma wana mawese, ambayo matone machache tu juu ya kunde huongeza vitamini A. Watu wa pwani wana kisamvu. Hicho kitwangwe kwanza, kichemshwe kidogo bila mfuniko na maji ya kwanza yamwagwe ili sumu yake itoke, ndipo kiingie kwenye presha pamoja na karanga. Dagaa wa kukaanga juu ya chochote kati ya hivyo ni mlo ambao tajiri hana cha kuuzidi.

Mboga za majani zisipikwe kwa presha. Zitiwe mwishoni, mfuniko ukiwa umekwisha kufunguliwa, kwa dakika mbili tatu tu. Na mezani pawe na ndimu, chungwa, papai au hata nyanya mbichi, kwa sababu vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai pamoja na wali maharage kimekuwa desturi yetu, lakini kwa mama mjamzito au msichana mwenye upungufu wa damu ni afadhali kingoje saa moja baada ya chakula. Mtoto wa miezi sita na kuendelea, pamoja na maziwa ya mama, apewe maharage yaliyopondwa laini sana; jiko la presha huyafanya malaini kiasi kwamba kijiko kinatosha.

Kwa kuwa hakuna moshi wala haja ya kukaa karibu kuchochea, hatuoni kwa nini baba asiwashe jiko hili akirudi kazini kabla ya mama. Wengine wanasema chakula chake hakina ladha. Ladha hutoka kwenye kitunguu na nyanya, navyo vinaweza kukaangwa ndani ya sufuria hiyo hiyo kabla ya kuifunga.

Mwisho, usalama. Asiyefundishwa asiliguse, na dada wa kazi afundishwe na mama mwenyewe, hatua kwa hatua. Maji yasipungue kikombe kimoja. Baada ya kuiva, maharage yaachwe yapoe yenyewe dakika 10 hadi 15. Ukiachia mvuke ghafla, povu huruka nao. Wakati wa kuachia, tumia mwiko mrefu, uso uwe mbali na watoto wawe nje. Usifunike tundu la mvuke kwa kitambaa, na mfuniko ukikataa kufunguka usiulazimishe: mvuke bado umo. Uji usipikwe humo, huziba tundu. Ule mpira wa ndani ya mfuniko uoshwe kila mara, na ukianza kuvujisha mvuke pembeni ubadilishwe. Siku ya kununua jiko, kabla hamjatoa fedha, mwulizeni mwenye duka kama mpira wa akiba anao.