Usikubali Themostati ya 5K Yako Itupwe



Wiki hii naweka mbegu na mbolea pembeni. Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza swali lilelile: "Bwana shamba, niuze hii LiteAce nitafute gari la kisasa?" Wote watatu wana injini ya 5K, ile ya petroli yenye silinda nne, na wote wanalalamika kwamba inachemsha wakipakia. Nimewajibu wasiuze. Kisha nikawauliza na mimi: themostati ipo? Wote wakacheka. Fundi aliitoa zamani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

5K ni injini ya cc 1,486, imefungwa kwenye LiteAce na TownAce nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Kamshafti yake imekaa chini ndani ya bloku, inasukuma valvu kwa fito, na inazungushwa na cheni, si mkanda wa mpira. Ina kabureta, distributa na koili, basi. Fundi wa kijijini anaifungua chini ya mwembe kwa spana za kawaida. Gari la kisasa likizima kwa sababu ya sensa, kijijini kwako nani atalisoma? Kwa mtu anayebeba mazao na kulala njiani, unyenyekevu huo wa 5K una thamani kuliko kiyoyozi.

Sasa tuje Kitonga. Ninyi mnaopandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mnaujua ule mlima. Gari limejaa magunia, uko gia ya kwanza na ya pili nyuma ya malori, upepo wa mwendo haupo, rejeta inategemea feni tu. Mshale wa joto unapanda. Ukifika gereji unaambiwa: "Toa themostati, huku kwetu joto lipo." Unalipa. Wiki mbili mshale unakaa chini, unamsifu fundi.

Na mimi nilimsifu. Nilikuwa na TownAce kwa ubia na kaka yangu, ikatolewa themostati, nikafurahi kuona mshale umelala. Sikujali kwamba asubuhi za baridi za Juni gari lilikuwa linakohoa nusu saa, wala kwamba petroli ya safari ileile ilianza kuisha mapema. Nikifungua kifuniko cha oili nilikuta utando kama maziwa mgando, nikaufuta kwa kitambaa nikaendelea. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba chokaa tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumeuficha ugonjwa. Siku ya siku, na mzigo juu, ikachemsha Kitonga kuliko zamani. Kaka akafungua kifuniko cha rejeta hapohapo, maji yakamrukia mkono. Halafu, kwa hasira na haraka, tukamimina maji baridi kwenye injini inayowaka. Silinda hedi ikapasuka. Vitunguu vililala barabarani siku mbili, na dume tuliyemnenepesha kwa ajili ya ada za watoto ndiye aliyelipa hedi nyingine.

Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikiwa ya baridi mlango unafunga, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inatanuka, mlango unafunguka, maji yanaenda kwenye rejeta. Kwa hiyo ukiwa katikati ya mlima, themostati nzima imeshafunguka yote. Kuitoa hakukupi ubaridi wa maana pale unapouhitaji; kunakupa injini ya baridi asubuhi na kwenye tambarare, ambako hukuwa na shida. Na injini ya baridi inajila yenyewe. Petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyopaswa kulainisha ringi na kwenda kuichuja iwe nyepesi huko chini. Unyevu nao haukauki, ndiyo ule utando niliokuwa nafuta. (Kama utando uko kwenye kifuniko tu, mara nyingi ni unyevu. Kama hata kijiti cha kupimia kinatoka na oili ya rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, gasketi imekwenda, usiwashe tena.)

Kutoa themostati ili gari lisichemshe ni sawa na kupiga dawa ya wadudu kwenye nyanya yenye bakajani. Umefanya kitu, umetumia hela, ugonjwa upo.

Nawatendea haki mafundi: wana sababu. Themostati feki zipo sokoni, na ikigoma kufunguka itaua injini kweli. Ndiyo maana nasema ipime, hata mpya. Ifunge uzi, izamishe kwenye sufuria ya maji baridi isiguse chini, washa jiko. Nambari iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, ni nyuzi inazoanza kufunguka. Kama huna kipimajoto, tazama tu: maji yakiwa ya moto sana lakini hayajachemka iwe imeanza kuachia, yakichemka iwe wazi. Ikibaki imefunga, tupa. Ikiwa wazi kwenye maji baridi, tupa pia. Tafuta sufuria kuukuu. Mimi nilitumia ya ugali, mke wangu hajanisamehe.

Kisha mwambie fundi ashughulike na rejeta. Kama ni ya shaba, ifunguliwe matenki na kuzibuliwa. Mkanda wa feni usiwe umelegea. Kifuniko cha rejeta watu wanakidharau, wengine wameziba kwa kitambaa. Kazi yake ni kubana presha ili maji yasichemke mapema. Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 95. Kifuniko kibovu kinakunyang'anya nyuzi ambazo mlimani unazihitaji. Na maji ya kisima chenye chumvi ndiyo yanayojenga chokaa. Weka kulanti, au ukikosa kabisa, maji ya mvua.

Oili sina maneno mengi. Kwa gari la mzigo na vumbi letu, mimi namwaga kila kilomita 3,000 na kubadili filta papo hapo. Oili nzito ya kuficha moshi wa bluu isikudanganye: ringi au sili za valvu zimechoka, peleka ikapimwe kompresheni. Petroli ya chupa za barabarani nunua ukikwama tu. Ukitoa plagi ukazikuta kavu na nyeusi kwa masizi, anza na chujio la hewa kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa kabureta.

Kuna mmoja kati ya wale watatu nilimwambia auze. Chesisi yake imeliwa na kutu hadi kidole kinapita, na hapo injini nzuri haisaidii kitu. Wawili waliobaki wanakuja na themostati mpya Jumamosi tukazipime. Nawe ukiwa na yako, njoo nayo. Sufuria ya ugali sasa ni ya themostati, haitumiki tena jikoni.