Udaktari wa India: Ada nafuu huenda ikamgharimu mzazi zaidi

KATIKA mtaa wa Shirere, viungani mwa mji wa Kakamega, kuna mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye kwa wiki tatu sasa amekuwa akilala na kuamka na karatasi tatu mezani. Bintiye alipata alama ya A- katika mtihani wa KCSE, akaomba kusomea udaktari, na idara ya kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu, KUCCPS, ikampa nafasi ya kusomea sayansi ya kilimo. Karatasi hizo zililetwa na wakala. Kila moja inasifu chuo kimoja cha udaktari nchini India, na kila moja ina bei yake. Bei ya kwanza haifiki nusu ya ile ya tatu.

Mwalimu alinitafuta kwa sababu tulisoma pamoja, na pia kwa kuwa anaamini mtu anayekula jasho lake kwa kusahihisha makala ya wengine hawezi kudanganywa kwa maandishi. Laiti ingekuwa hivyo! Nilizisoma karatasi zote hata hivyo. Nilikuta picha za mabweni, maelezo ya vyakula, uwanja wa kriketi na, katika ile ya bei ya juu, bwawa la kuogelea. Sikukuta neno hata moja kuhusu wagonjwa.

Hapo ndipo hesabu za wazazi wengi hupotokea. Ada ni bei ya kiti darasani, lakini daktari huiva wadini, mbele ya mgonjwa, akiwa na mwalimu wa kumkosoa. Chuo kisicho na wagonjwa wa kutosha kinauza anatomia ya vitabuni kwa dola za Marekani, na mnunuzi huja kugundua hivyo miaka mitano baadaye.

Safari ya Wakenya kwenda India kutafuta elimu si ya jana. Apa Pant, aliyekuwa mwakilishi wa India mjini Nairobi tangu 1948, alisaidia vijana wa Kiafrika kupata ufadhili wa masomo wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwaona wakisonga mbele. Katika miaka ya 1980 na 1990, vyuo vya Pune na Bangalore vilijaa Wakenya waliokosa nafasi nyumbani. Ikumbukwe kuwa Kenya ilianza kufunza madaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1967, na shule ya pili ya udaktari ya umma, ile ya Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, haikupata wanafunzi wake wa kwanza hadi 1990. Isitoshe, India ni jina la matibabu vijijini mwetu. Harambee ngapi zimeandaliwa kumpeleka mgonjwa huko? Mzazi anayeamini kuwa wanaotibu vizuri hufunza vizuri hana kosa kubwa.

Tatizo ni kwamba hakuna India moja. Nchi hiyo ina vyuo vya udaktari zaidi ya 700. Kuna Chuo cha Kikristo cha Vellore, kilichochipuka kutokana na kazi ya daktari Ida Scudder aliyeanza kutibu wanawake huko mwaka 1900. Kuna AIIMS ya Delhi, iliyoanzishwa 1956, ambako viti vya wageni ni vya kuhesabu kwa vidole. Kuna Kasturba ya Manipal, iliyofunguliwa 1953 na kutajwa kuwa chuo cha kwanza cha udaktari cha kibinafsi nchini humo. Na kuna vile vilivyoota juzi kando ya barabara kuu, jengo likiwa jipya na wadi zikiwa na mwangwi.

Wahindi wenyewe wanalijua hilo kuliko mawakala wetu. Mwaka 2010 mkuu wa baraza lao la madaktari alikamatwa kwa tuhuma za hongo iliyohusishwa na kuidhinishwa kwa chuo, na baadaye, mwaka 2020, baraza hilo likazikwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Kitaifa ya Udaktari, NMC. Hata hivyo, mwaka 2025 wapelelezi wa serikali kuu walifungua kesi nyingine wakidai kuwa vyuo kadhaa vilitoa hongo ili vipite ukaguzi, na kwamba viliwaonyesha wakaguzi walimu hewa pamoja na wagonjwa waliokodiwa kulala vitandani. Kesi ni kesi, na mahakama itaamua. Lakini Mkenya aliyezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa hahitaji mkalimani hapo.

Kanuni zilizotolewa na NMC mwaka 2023 zinataka chuo kinachosajili wanafunzi 100 kwa mwaka kiwe na hospitali ya vitanda visivyopungua 420, na vitanda hivyo viwe na watu. Hilo ni swali ambalo mzazi wa Shirere anaweza kuuliza kwa simu: vitanda vingapi, na jana vililaliwa vingapi? Mwalimu aliuliza. Wakala alimjibu kwamba bweni lina maji moto saa zote.

Upo pia mtihani ambao karatasi zote tatu zilikaa kimya juu yake. Anayetaka kusomea shahada ya udaktari, MBBS, nchini India hana budi kufaulu NEET, mtihani wa kuingilia wa biolojia, kemia na fizikia, na raia wa kigeni hawakuachwa nje. Mwaka 2024 ulipofanyika katika miji 14 nje ya India, barani Afrika uliwekwa Lagos pekee. Wakala anayemwambia mzazi kuwa mtihani huo 'utashughulikiwa' anapaswa kuombwa aandike neno hilo na kulitia sahihi. Vilevile ni muhimu kusoma herufi za shahada yenyewe. BAMS ni tiba ya jadi ya Ayurveda na BHMS ni homeopathia. Zote mbili zina heshima yake huko, lakini si MBBS, na bei yake nafuu imewahi kuwavutia wasiojua tofauti.

Turudi kwenye pesa, maana ndizo zinazomkosesha Mwalimu usingizi. Kiti kilekile cha udaktari India huwa na bei kadhaa. Katika kesi ya Mohini Jain iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1992, ilibainika kuwa chuo kimoja cha jimbo la Karnataka kilitoza rupia 2,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa nafasi ya serikali, 25,000 kwa mwenyeji wa jimbo asiye na nafasi hiyo, na 60,000 kwa Mhindi wa kutoka kwingineko. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini ngazi ingalipo, na mgeni husimama kwenye kidato cha juu kabisa. Katika vyuo vya kibinafsi vyenye sifa hulipa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Ufadhili wa serikali ya India unaopitia baraza la ICCR, unaotajwa sana na mawakala, hauhusu MBBS. Mikopo ya HELB nayo haimfuati mwanafunzi hadi huko.

Kisha kuna shilingi. Mzazi aliyepiga hesabu Januari 2022 alinunua dola kwa takriban Sh113. Kufikia Januari 2024 dola hiyo ilikuwa imegonga Sh160, kabla ya kushuka hadi karibu Sh130 baadaye mwaka huo. Kwa ada ya dola 20,000, hiyo ni tofauti ya kutoka Sh2.26 milioni hadi Sh3.2 milioni kwa mwaka mmoja, ilhali chuo hakikuongeza hata senti. Masomo ya MBBS huchukua miaka minne na nusu, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini. Zamani mkulima wa eneo hili angetegemea hundi ya miwa kuziba pengo kama hilo. Lakini kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na wakulima wengi walikuwa wameshaacha kuitegemea. Kilichobaki ni shamba, na shamba huuzwa mara moja.

Si kwamba India haina faida. Tofauti na Ukraine, ambako wanafunzi wa udaktari wapatao maelfu (wengi wao Wahindi waliokimbia ada za kwao, kinaya kikubwa) walikwama vita vilipozuka Februari 2022, India ina kifua kikuu, malaria, homa ya matumbo na akina mama wanaojifungua kwa mamia katika hospitali moja. Kijana aliyefunzwa vyema katika wadi kama hizo hatashangazwa na Kakamega. Ingawa hata hapo kuna tahadhari: sehemu kubwa ya malaria ya India husababishwa na kimelea cha vivax, ilhali ya ukanda wa Ziwa Victoria ni ya falciparum, yule anayeua watoto wetu.

Halafu kuna lugha. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kitamil, Kikannada, Kimarathi au Kihindi. Mwanafunzi asiyeijua lugha ya wadi atasimama nyuma ya wenzake miaka mitatu akisikiliza tafsiri. Vyuo makini huwafunza wageni lugha ya mahali tangu mwaka wa kwanza. Karatasi za Mwalimu hazikusema lolote.

Na kurudi nyumbani si kushuka ndege tu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, linamtaka aliyesomea ng'ambo afanye mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza mwaka wa uanagenzi. Hapa ndipo ada nafuu huonyesha bei yake halisi. Anayeanguka hurudia, naye mzazi huendelea kumlisha mtu mwenye shahada asiyeweza hata kumdunga mgonjwa sindano. India yenyewe huwapa mtihani kama huo raia wake waliosomea nje tangu 2002, na wengi huanguka. Anayefaulu bado husubiri kutumwa hospitalini. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulichochewa kwa kiasi kikubwa na kucheleweshwa kwa wanagenzi na jaribio la kupunguza malipo yao kutoka Sh206,400 hadi Sh70,000 kwa mwezi. Makubaliano ya kuwarejeshea kiwango cha awali yalipatikana Desemba mwaka huo.

Nilimuuliza Mwalimu kama alikuwa ametazama karibu. Gharama ya kufunza daktari katika chuo kikuu cha umma ilikadiriwa kupita Sh500,000 kwa mwaka mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza 2023, nazo nafasi ni finyu. Lakini Maseno ipo, Uzima ya Kisumu ipo, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambacho Mwalimu hukipita akienda sokoni, nacho kimejitosa katika fani hiyo. Tatizo la hapa ni kinyume cha lile la vyuo hewa vya India: wagonjwa wapo tele, vitanda na wakufunzi ndio haba. Hospitali mpya ya rufaa na mafunzo iliyoanza kujengwa Kakamega enzi za Gavana Wycliffe Oparanya imevuta miaka mingi kuliko ilivyoahidiwa. Nani ajuaye ni mabinti wangapi wa kaunti hii wangesomea hapo badala ya kufungasha virago?

Serikali nayo imewaachia wazazi mzigo wa upelelezi. Yaliyotokea Uasin Gishu, ambako wazazi waliuza mali na kulipa fedha kupitia kaunti ili watoto wasomee Finland na Canada, kisha mwaka 2023 wakajikuta barabarani wakiandamana, yalitosha kuwa funzo. KMPDC ingeweza kuchapisha kila mwaka, chuo kwa chuo, idadi ya waliofanya mtihani wake na waliofaulu. Karatasi moja kama hiyo ingemfaa Mwalimu kuliko zote tatu alizo nazo.

Kwa sasa amemwandikia wakala barua ya maswali manne: vitanda, NEET, lugha ya wadi, na majina ya Wakenya waliohitimu huko na kusajiliwa na baraza. Bintiye ameomba ahifadhiwe nafasi yake ya kilimo. Mnunuzi wa shamba ameahidi kurejea Jumamosi, na hatimiliki ingali kabatini.