ASKARI WA ONU NAYE ANA KIDONDA

Wazee wa Likasi wanakumbuka Septemba 1961, wakati mji wao ulipoitwa Jadotville. Askari wa Ireland, kama 155, wa jeshi la ONU, walizungukwa na majandarme wa Katanga pamoja na wazungu wa kukodiwa. Mapigano yalianza tarehe 13. Ndege ya vita iliwashambulia, maji yakaisha, risasi zikaisha. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiliwa kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17 mkubwa wao, Pat Quinlan, akaweka silaha chini. Katika watu wake hakuna hata mmoja aliyeuawa.

Walikaa kifungoni zaidi ya mwezi, kisha wakarudi kwao. Huko ndiko walikoumizwa kweli. Watu waliwacheka, wakawaita waoga. Wakubwa wa jeshi walinyamaza. Jamaa zao wamesimulia yaliyofuata: usingizi uliopotea, pombe, na wengine waliojiua kwa mikono yao. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na jina la leo. Jina hilo liliingia katika kitabu cha madaktari wa Marekani mwaka 1980.

Wewe unayeshuka shimoni unaelewa habari hii kuliko mabwana wa ofisi. Mtu anatolewa chini ya mawe, mkono mzima, mguu mzima. Kesho yake kapita anamwambia: simama, hujaumia, nenda kazini. Lakini akisikia baruti anatetemeka. Sasa ongeza juu yake kicheko cha kambi nzima, hata cha watoto. Atapona lini?

Tena askari wa amani ana mzigo wake wa peke yake: anaamriwa asipige kwanza. Anatazama tu. Mwaka 1994 Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada alikuwa mkubwa wa askari wa ONU huko Rwanda. Aliomba aongezewe watu, na wakubwa wa ONU wakampunguzia. Alitazama raia wakichinjwa. Mwaka 2000 alitoka jeshini kwa sababu ya ugonjwa huo, na mwenyewe amesema wazi kwamba alijaribu kujiua. Kama jenerali anaangushwa hivyo, soldati wa chini je?

Najua wengine watakasirika. Watasema: mgeni huyo anatuhusu nini? Siku za ONU raia wetu nao walikufa, na nani aliwaletea daktari wa moyo? Neno hilo ni la haki, wala silipingi. Mjane wa Katanga hakupata hata medali. Lakini fikirini: mtu ambaye akili yake imeumia, naye ana bunduki mkononi, halali Ulaya. Analala katika mtaa wetu. Akishtuka usiku, anayepigwa ni nani?

ONU inazilipa serikali fedha kwa kila askari, mwezi kwa mwezi. Sisi tunasema: katika fedha hizo itolewe sehemu ya daktari wa akili, tena matibabu yaendelee miaka mingi baada ya askari kurudi kwao. Na raia wa mahali palipopigwa vita watibiwe naye.

Ireland iliwapa watu wa Jadotville medali yao Desemba 2017. Miaka 56 ilikuwa imepita. Quinlan alikuwa amekufa tangu 1997.