Miaka 125 ya Mtakatifu Yosefu: Sherehe Ivuke Hadi Mnazi Mmoja

Mwaka 2027 Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, litatimiza miaka 125 tangu ujenzi wake ukamilike. Tunalipongeza Jimbo Kuu mapema: maaskofu, mapadre, watawa na waamini wote. Pongezi hizi tunazitoa tukiwa Mnazi Mmoja, kwa sababu historia ya kanisa lile haikomei kwenye kuta zinazotazama bandari. Sehemu yake kubwa imo huku, katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani.

Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika Pugu mwaka 1888. Januari 1889, pwani ikiwa imepamba moto kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni yao ilivamiwa na watatu kati yao wakauawa. Hawakukata tamaa. Mwaka 1897 ujenzi wa kanisa ulianza mjini, na mwaka 1902 mnara wake uliochongoka ulikuwa umesimama, ukionekana na kila aliyeingia bandarini. Agosti 1905 askofu wao, Cassian Spiss, na wenzake wanne waliuawa katika Vita vya Maji Maji. Vita hivyo, na njaa iliyofuata, viliangamiza makumi ya maelfu ya watu wa kusini waliokataa kutawaliwa. Jubilei ya kweli itawaombea wote, waliozikwa kwa majina na waliozikwa bila majina.

Mji wenyewe ulijengwa kwa mafungu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja ulikuwa eneo wazi la kuwatenga Waafrika na wengine. Kanisa lilikuwa upande wa wenye mamlaka. Mwamini wa Kariakoo aliyetaka misa alikatiza uwanja huu kwa miguu, akapita madukani Uhindini, ndipo afike. Makatekista, mayaya, madobi, makarani na makuli ndio waliozivuka njia hizo Jumapili baada ya Jumapili, na kulifanya jengo la wageni kuwa nyumba yao.

Uwanja uliokusudiwa kutenga watu ukaja kuwakutanisha. Tarehe 17 Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglo hapa hapa Mnazi Mmoja, Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki wa shule ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA (Tanganyika African Association). Wengi waliomkabidhi dhamana hiyo walikuwa Waislamu wa mji huu. Mwaka huo huo Dar es Salaam ikawa Jimbo Kuu. Mwaka 1968 likapata askofu mkuu mzalendo, Laurean Rugambwa, ambaye miaka minane kabla alikuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kilatini kilipisha Kiswahili altareni, na ngoma na kayamba zikapata nafasi. Leo jumuiya ndogo ndogo husali majumbani, na jirani asiye Mkristo husogeza kiti kuwapa nafasi.

Ingia kanisani mchana wa siku ya kazi. Milango iko wazi na upepo wa bahari unapita. Karani amepiga magoti, kitambulisho cha ofisini kikining'inia shingoni. Abiria wa boti ya Unguja ameegemeza begi lake kwenye benchi. Rangi za madirisha ya vioo zimetua sakafuni. Hapaulizwi mtu ametoka mtaa gani.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa waandaaji. Kwanza, wazee wa Kariakoo, Gerezani na Ilala warekodiwe wangali hai, na majina ya makatekista yatafutwe katika vitabu vya parokia na kuandikwa mahali pa wazi, sambamba na ya maaskofu. Pili, jengo litunzwe kitaalamu: chumvi ya bahari na unyevunyevu havina huruma na mawe wala chuma, na maghorofa yanaendelea kulizunguka. Hii ni kazi ya Kanisa, Serikali na wataalamu wa mambo ya kale kwa pamoja, maana urithi huu ni wa mji mzima.

Tatu, sherehe isiishie Mtaa wa Sokoine. Maandamano yatoke kanisani, yapite Uhindini, yafike Mnazi Mmoja, mahali ambapo Waislamu nao wamekuwa wakikusanyika kusoma Maulidi. Masheikh waalikwe, Walutheri wa Azania Front waalikwe, wafanyabiashara wa Kariakoo waalikwe. Kwa miaka mingi waamini walivuka uwanja huu kulifuata kanisa. Sasa ni zamu ya kanisa kuuvuka kuwafuata, na sisi tutakuwa hapa kulipokea.