Mwalimu, Shuka Mtoni

Nilipokuwa kidato cha nne niliweza kuchora bonde la mto Tennessee wa Marekani bila kutazama kitabu. Nilionyesha mabwawa yake, nikaeleza Wamarekani walivyozuia mafuriko na walivyopata umeme, nikapewa alama zangu zote. Jioni ya siku ileile nilishuka nyuma ya bweni kufua mashuka kwenye mto ambao sikuwahi kuulizwa swali lake hata moja darasani. Mto huo ni Pangani. Chini kidogo ya pale tulipokuwa tukifua, maji yaleyale yalikuwa yakizungusha mitambo ya Hale tangu mwaka 1964, na hakuna mwalimu aliyetutajia. Leo najua hawakutunyima makusudi. Nao walipofundishwa ualimu hakuna aliyewashusha mtoni.

Nami nikawa mwalimu, kisha mkufunzi, na kwa miaka kadhaa nikafanya vilevile nilivyofanyiwa.

Kwa hiyo nawaandikia walimu wenzangu, wakufunzi, maofisa elimu kata, na ninyi wazee wetu mliokulia kando ya maji haya. Naomba tuwafundishie walimu wetu mtoni. Sisemi ile safari ya kufunga muhula, ya pilau na picha. Nasema mto uingie ndani ya mafunzo ya ualimu yenyewe, mwanachuo asiende mazoezi ya kufundisha kabla hajatembea kando ya mto ulio jirani naye, daftari mkononi na mzee ubavuni.

Tazameni ramani. Pangani una urefu wa kilomita zipatazo 500. Kikuletwa unaleta maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu unaleta ya Kilimanjaro na Ziwa Jipe, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha safari inaendelea kupita Korogwe hadi baharini. Sasa tazameni vyuo. Patandi kiko Tengeru, chini ya Meru. Singachini na Marangu viko upande wa Kilimanjaro. Chuo cha Korogwe kiko huku chini, mto ukiwa umeshakusanya karibu kila kitu. Vyuo vinne vya ualimu ndani ya bonde moja! Mwanachuo wa Marangu na wa Korogwe wanaweza kusoma mto mmoja kutoka pande mbili, mmoja akiona unavyoanza na mwenzake akiona ulichobeba. Sijui tunangoja nini.

Nitaje kosa moja tunalorithishana. Muulize mwanafunzi yeyote maji ya Pangani yanatoka wapi, atakujibu haraka: theluji ya Kilimanjaro. Theluji ile inachangia kidogo sana. Sehemu kubwa ni mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu mlimani, ikanywewa na udongo, ikasafiri chini ya miamba na kuibukia mbali huko tambarare. Aliyefika chemchemi za Rundugai, wilayani Hai, ameyaona. Unapita nchi kame, vumbi na miiba, halafu ghafla maji maangavu yanachimbuka chini ya mizizi ya miti, mengi kiasi cha mtu kuogelea. Mwalimu aliyesimama pale hawezi tena kufundisha theluji peke yake. Na kosa hili lina gharama, maana mtoto anayeamini kwamba mto wake unatoka kwenye barafu haoni kwa nini msitu ukatwe au usikatwe.

Siku iliyonibadilisha mimi ilikuwa ya kiangazi. Niliongozana na wanachuo ishirini na wanne hadi ukingoni, kilomita mbili kutoka darasani. Tulimkuta mzee mmoja mvuvi chini ya mwembe, anasuka mgono. Wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia bila kuinua macho, vidole vikiendelea na kazi. Fito nyembamba zilikuwa zimefungwa pete kwa pete, mdomo mpana, na ndani ya mdomo ule kuna mwingine mwembamba unaoelekea tumboni, ncha za fito zimeachwa wazi. Binti mmoja wa hisabati aliomba kuushika. Akaugeuza huku na huku, akasema, "Mwalimu, hii ni koni ndani ya koni."

"Koni siijui," mzee akamwambia. "Najua samaki akisukuma kuingia, fito humpisha. Akitaka kutoka, humchoma."

Kisha akawauliza yeye: mgono huu ukiutega, mlango utazame mto unakotoka au unakokwenda? Walibishana dakika kumi nzima, na mimi nikanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Babu aliwaacha hadi wakachoka. Akasema inategemea msimu. Mvua zikianza samaki hupanda kuelekea juu, kwa hiyo mlango hutazama chini uwapokee. Maji yakianza kukauka mbugani samaki hurudi mtoni, na mlango hugeuzwa. Mbuga zenyewe, akasema, sasa hazijai kama zamani.

Hapo ndipo nilipopata cha kuongeza. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960, na tangu lilipoanza kuyashika maji ya masika, mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakienea kwenye mbuga za Kirua yalipungua, mbuga zikasinyaa na samaki wakapoteza pa kuzalia. Mimi nilikuwa na miaka na sababu, babu alikuwa na samaki wenyewe. Wanachuo waliandika kutoka kwetu sote wawili, na niliona wazi kuwa kwake waliandika zaidi.

Nikawatajia pia perege. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, aliwaeleza kitaalamu perege wa huku na kuwapa majina ya Kilatini: mmoja akamwita kwa jina la Pangani, mmoja kwa jina la Jipe, na mmoja kwa jina la Korogwe, ambaye leo huitwa Oreochromis korogwe. Mji wetu uko kwenye vitabu vya sayansi duniani kote, umebebwa na samaki! Katika wanachuo ishirini na wanne, na wengine walizaliwa palepale mjini, hakuna aliyekuwa amesikia.

Vifaa tulivyokuwa navyo siku ile vingetosha mfuko mmoja wa sokoni. Tulipima mita 20 kandokando ya maji, tukachomeka vijiti viwili, tukatupa chungwa juu ya kijiti cha kwanza na kuhesabu sekunde hadi lilipofika cha pili. Sekunde 40. Nusu mita kwa sekunde. Tukarudia mara tano, katikati na pembezoni, na wanachuo wakagundua wenyewe kwamba mto hauendi mwendo mmoja. Tulichota maji kwenye chupa angavu tukaiacha dirishani usiku kucha. Asubuhi palikuwa na tabaka la tope chini, la kupimwa kwa rula, na swali likaja lenyewe: huu ni udongo wa shamba la nani? Kwenye kijito kinachoingia mtoni tuligeuza mawe na kutazama wadudu waliojishikiza chini yake, maana wapo wasiovumilia maji machafu na wapo wanaostawi humo. Ukiwajua, mto unakusomea hali yake bila maabara.

Sijagusa historia, na huko ndiko ninakowaomba tukae zaidi. Shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni somo zuri, lakini mwalimu asiyejua mahali lilipotokea jambo hulifanya liwe orodha ya miaka. Mwaka 1857, kabla ya safari yao kubwa ya bara, Burton na Speke walipanda kandokando ya mto huu wakaenda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri wa Usambara. Njia waliyopita ilikuwa ya watu kitambo, ya pembe na ya watumwa. Karibu na mdomo wa mto, mashamba ya miwa ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na sukari ikasafirishwa kwa majahazi. Mwaka 1888 mji wa Pangani ulikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, upinzani ukaenea pwani nzima, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim, akanyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akavitungia utenzi vita vile vya Wadachi kutamalaki Mrima, kwa hiyo hata mwalimu wa Kiswahili ana lake mtoni. Ufukwe upo, mdomo wa mto upo. Mwanachuo anaweza kusimama mahali penyewe akasoma.

Utumwa lakini ni jambo la kwenda nalo taratibu. Zipo familia ambazo babu zao walinunuliwa na zipo ambazo babu zao walinunua, na leo ni majirani wanaooleana. Mwanachuo afundishwe kuuliza kwa adabu, kungoja, na kukubali mzee anaposema hilo tuliache. Hilo nalo ni ualimu, tena ni sehemu ya ualimu ambayo sijawahi kuiona ikifundishwa vizuri ndani ya kuta nne.

Majina nayo yakusanywe. Huku kwetu wazee wengi wanauita mto huu Ruvu. Kuna Ruvu inayotoka Jipe. Kuna Ruvu nyingine kabisa mkoani Pwani, inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Kwa nini jina lirudi mara tatu? Wapeni wanachuo swali hilo wakawaulize wenye Kizigua, Kisambaa na Kipare. Kule mdomoni wakajifunze mikoko kwa majina ya wakata boriti: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi. Na waoneshwe minazi iliyokufa kingoni, kwa sababu maji ya mto yanapopungua, kwa mabwawa na mifereji ya huku juu, chumvi ya bahari hupanda ndani zaidi. Mkulima wa Pangani analipa maji yaliyofunguliwa kilomita mia kadhaa juu yake, na wote wawili wana watoto shuleni.

Najua nitakachojibiwa: fedha hakuna, muhtasari ni mrefu, mitihani inakuja. Muhtasari ni mrefu kweli. Lakini mto uko umbali wa kutembea kwa shule nyingi za bonde hili, na kama si mto ni kijito, mfereji, au ndiva ya Wapare inayohifadhi maji ya usiku kwa ajili ya kumwagilia mchana. Walimu waliopo kazini tayari wanakutana kwenye jumuiya za kujifunza chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mkutano mmoja katika kila muhula ufanyikie ukingoni. Kila mwalimu atoke na andalio moja la somo alilolitunga palepale, alijaribu kwa watoto wake, aliweke kwenye kabati la shule wengine waazime. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na kitabu chake ambacho hakuna duka linalokiuza.

Usalama usifanyiwe mzaha. Mto una mamba na viboko, una kichocho kwenye maji yaliyotulia, na masika hujaa ghafla. Nendeni kiangazi, pamoja na mvuvi anayepajua mahali, msiingie majini bila sababu, na kabla ya kukanyaga msitu wa mizimu ombeni ruhusa kwa wenyewe.

Wakuu wa vyuo, tafadhalini, mpeni mzee wa kijiji kiti cha mkufunzi kwa siku moja, na mmlipe nauli na posho kama mnavyomlipa mgeni wa mjini. Bodi ya Maji Bonde la Pangani inayatazama maji haya tangu 1991. Naiomba iwafungulie wanachuo milango, wakaone mto unavyopimwa na mgao unavyoamuliwa. Halmashauri, gari moja siku moja. Wazazi, mtoto akirudi na tope kwenye soksi muulizeni alichokiona kwanza. Nanyi mlio kwenye mabonde mengine, Rufiji, Tana, Kagera, wito huu ni wenu pia, wa kwenu mnaujua kuliko mimi.

Wazee, kwenu nina ombi la peke yake. Yule babu wa mgono aliwauliza vijana wangu walipokuwa wanaaga, "Mtarudi lini?" Nilisema upesi upesi kwamba ni muhula ujao. Ratiba ikabadilika. Tuliporudi, mwembe ulikuwepo, na jirani akatuambia tumechelewa miezi minne. Msitungoje tuwafuate. Mkimwona mwalimu kijana anapita kando ya maji, mwiteni.

Nawapa wenzangu wa vyuo vinne pa kuanzia. Septemba hii, maji yakiwa yametulia, kila chuo kichote chupa moja ya lita kwenye mto au kijito chake, kiibandike karatasi yenye jina la mahali, siku, saa na jina la mzee aliyewaongoza. Tuzikutanishe chupa zote Pangani mjini, juu ya meza moja, wanachuo wakiwa wamezizunguka. Ya Korogwe nitaibeba mimi mwenyewe. Ninyi njooni na zenu, pamoja na kofia, rula, na machungwa ya kutosha.