Pikipiki ya usiku Chapwa: Anayeinunua siye anayeiendesha

Saa tisa usiku, Chapwa. Basi lililotoka Dar es Salaam limeshusha abiria kando ya barabara kuu na kuendelea kuelekea mpakani. Abiria mmoja ana mabegi mawili na kiroba cha mchele. Dereva wa bodaboda anaweka begi moja juu ya tangi, lingine analifunga kwenye keria kwa mpira, kiroba kinakaa katikati. Taa ya mbele inawaka, lakini inamulika matawi ya miti kuliko lami. Wanaondoka wakipita ubavuni mwa malori yaliyoegeshwa.

Mkazi yeyote wa Tunduma anaifahamu picha hii. Ikitokea ajali, swali letu la kwanza huwa: dereva alikuwa mwendo gani? Leo tunaanzia nyuma zaidi. Pikipiki ile ilichaguliwa na nani, na kwa vigezo gani?

Kilichobadilika barabarani

Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria ya masafa marefu hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha nchini. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 1, 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24 chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Kwa mji wa mpakani kama Tunduma, maana yake ni kwamba abiria wenye mizigo wanafika saa ambazo daladala zimelala. Anayewafikisha nyumbani, mara nyingi, ni bodaboda.

Chapwa iko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, kwenye barabara ya TANZAM, kabla ya kufika mpaka wetu na Nakonde, Zambia. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa kuvuka. Hata hivyo, mpaka unapokwama foleni hurudi nyuma na malori hulala barabarani. Ongeza baridi: mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai upepo wa usiku hukata vidole.

Pikipiki inayofanya kazi hapa usiku inabeba mambo matatu kwa wakati mmoja: mwili wa dereva uliochoka, mzigo wa abiria, na giza. Dukani, mambo haya matatu ni nadra kuulizwa. Linaloulizwa kwanza ni bei, kisha ukubwa wa injini.

Wenye pikipiki kubwa wanauliza nini?

Barabara hii ni sehemu ya njia ndefu ya kutoka Cairo hadi Cape Town, hivyo mara kwa mara hupita wasafiri wenye pikipiki kubwa za safari ndefu. Mfano wa aina hiyo ya pikipiki ni Yamaha FJR1300: injini ya sentimita za ujazo 1,298, tangi la lita 25, uzito wa karibu kilo 290. Hatusemi mtu wa Chapwa anunue pikipiki hiyo. Bei yake, vipuri vyake na uzito wake haviendani na kazi ya hapa.

Kinachofaa kuigwa ni jinsi pikipiki za aina hiyo zinavyobuniwa. Mizigo hukaa kwenye masanduku mawili ya pembeni, chini, karibu na gurudumu la nyuma, badala ya kurundikwa juu. Kioo cha mbele huzuia upepo usimchoshe dereva. Siti hutengenezwa kwa mtu atakayekaa saa nyingi. Baadhi ya matoleo yana taa zinazomulika ndani ya kona. Waliozibuni waliuliza kwanza: dereva atakaa muda gani, atabeba nini, ataona umbali gani? Maswali hayo hayahitaji injini kubwa. Yanaihusu pikipiki ya sentimita za ujazo 125 sawasawa na ile ya 1,298.

Mzigo unavyogeuza taa

Mzigo na mwanga si mambo mawili tofauti. Uzito mkubwa ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, shokapu za nyuma hulala na pua ya pikipiki huinuka. Taa ya mbele, iliyofungwa kwenye pua hiyo, huinuka nayo. Matokeo ni mawili: dereva haoni lami iliyo mbele yake, na anayekuja upande wa pili anapigwa mwanga machoni. Wakati huohuo gurudumu la mbele hupungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi, na breki ya mbele hupoteza nguvu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mzigo mzito ukae chini na karibu na katikati ya pikipiki. Shokapu nyingi za pikipiki za kazi zina sehemu ya kukazwa kwa spana. Zikazwe kabla ya zamu ya kubeba abiria na mizigo. Upepo wa tairi la nyuma ufuate kipimo cha mtengenezaji cha watu wawili. Na taa ilengwe abiria akiwa ameketi: simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani mahali tambarare, washa taa ya chini, kisha hakikisha sehemu ya juu ya mwanga ukutani iko chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimita 10 hivi. Fundi yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Hesabu ya mwanga na mwendo

Tufanye hesabu. Tuchukue dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kuanza kushika breki, kwenye lami kavu, breki na tairi zikiwa nzima. Kwa kilomita 40 kwa saa, atasimama baada ya mita 27 hivi. Kwa kilomita 50, mita 37. Kwa kilomita 60, mita 49. Kwa kilomita 80, mita 75.

Sasa upande wa taa. Pikipiki nyingi ndogo hutumia balbu ya wati 35, wakati balbu ya kawaida ya gari dogo ina wati 55 au 60. Kwa taa ya chini ya namna hiyo, si busara kutegemea kuona kitu cheusi kisichoakisi mwanga, kama tela la lori lisilo na taa, zaidi ya mita 40 mbele. Maana yake, anayekwenda kilomita 60 kwa saa anakimbia kuliko anavyoona. Lori likiwa limesimama gizani, ataliona akiwa tayari amechelewa, hata kama hajalewa, hajasinzia wala hajafanya kosa jingine lolote.

Kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi hulalamikiwa na wengi kuwa ni mtego wa tochi za askari. Kwa taa hizi, hesabu inaonyesha kwamba hata kilomita 50 ni ukingoni.

Kuna tatizo jingine ambalo madereva wanalijua. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu, taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini bila kupitia betri. Ukipunguza mafuta, taa hufifia. Yaani ukikaribia tuta au malori, pale unapopunguza mwendo ili uone vizuri, ndipo unapoona kidogo zaidi. Anayenunua pikipiki ya usiku aiwashe dukani, aiache injini ilie taratibu, na aitazame taa.

Wengi hutatua hili kwa kufunga balbu za LED za bei rahisi. Hizo hula umeme kidogo, ambayo ni faida. Lakini balbu isiyotengenezwa kwa ajili ya kioo cha taa ile hutawanya mwanga kila upande: mwenye pikipiki huona mwanga mweupe mbele ya tairi na kuridhika, huku dereva wa lori anayekuja akipofuka. Kuweka balbu ya wati nyingi kuliko mfumo unavyohimili nako huyeyusha soketi na kuchosha betri.

Starehe si anasa

Mtu akitaja siti laini, wengine hucheka: bodaboda na starehe wapi na wapi? Lakini starehe kwenye kazi ya usiku ni kuchelewa kuchoka. Dereva aliyekaa saa nane kwenye siti iliyobonyea, mikono ikitetemeshwa na usukani na kifua kikipigwa na baridi, hufikiri polepole. Ile sekunde moja na nusu tuliyoitumia kwenye hesabu inakuwa mbili. Kwa kilomita 50 kwa saa, nusu sekunde ni mita 7 zaidi.

Ndiyo maana siti iliyoshonwa upya, usukani unaomkalisha dereva wima, vishikio vya abiria, kikinga upepo kidogo na glavu ni vifaa vya usalama. Kofia ngumu nayo, ambayo kanuni za pikipiki za kibiashara za mwaka 2010 zinaitaka kwa dereva na abiria wake, iwe na kioo kisicho na mikwaruzo. Kioo kilichokwaruzika hugeuza taa moja ya lori kuwa nyota kumi.

Injini, breki na kinachobaki India

Kuhusu injini, ushauri wetu ni wa wastani. Pikipiki ya sentimita za ujazo 100 yenye watu wawili na mzigo haina nguvu ya akiba ya kupita lori mlimani. Ya 125 hadi 150 inatosha kwa kazi ya hapa. Fedha inayobaki iende kwenye breki, tairi na taa.

Boxer na TVS, ambazo zimejaa vijiweni mwetu, ni za kampuni za India. Huko, tangu Aprili 2017, pikipiki mpya hutakiwa kuwa na taa ya mbele inayowaka yenyewe injini inapowaka. Tangu Aprili 2019, pikipiki zinazozidi sentimita za ujazo 125 hutakiwa kuwa na breki zinazozuia gurudumu kujifunga, na zilizo chini ya hapo ziwe na breki za mbele na nyuma zinazofanya kazi pamoja. Nyingi zinazofika kwetu kwa ajili ya kazi zina breki za ngoma zisizo na teknolojia hizo. Hapa, mtengenezaji na mwagizaji wameshachagua kabla mnunuzi hajafika dukani.

Nani anachagua?

Na mnunuzi mwenyewe, mara nyingi, siye dereva. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba: mwenye mtaji ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Mwenye mtaji ana sababu za msingi za kuangalia bei, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa vipuri. Taa haimo kwenye orodha yake, kwa kuwa saa tisa usiku yeye amelala.

Sheria nayo inamfuata aliye kwenye usukani. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ni nafuu kwa dereva, lakini faini ya taa mbovu bado inatoka kwenye mfuko wake, si wa aliyeichagua pikipiki.

Tunaona njia mbili. Kwanza, mkataba wenyewe utaje taa, breki, tairi na shokapu: nani anazikagua, kila baada ya muda gani, na gharama inakatwa wapi. Mwenye pikipiki asilione hilo kuwa hisani, kwani pikipiki iliyoingia chini ya tela hailipi hesabu. Pili, vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, viandike kwenye maombi yao aina ya pikipiki na vifaa vya usiku wanavyohitaji, si idadi ya pikipiki peke yake. Kikundi kinachonunua chenyewe kinaweza kuchagua kwa macho ya mtu atakayeendesha.

Kwa kijana anayesubiri kusaini mkataba wiki hii, tunashauri jambo moja rahisi. Kabla ya kuweka sahihi, iombe pikipiki hiyo usiku mmoja. Mpakie rafiki yako na begi lake, nenda polepole hadi mahali penye giza, kisha jiulize: naiona lami, au naona miti? Ukiona miti, mkataba huo haujawa tayari.